Vumbi la Kilole

Kilole, Korogwe
11 Februari 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima na mguu wako umeacha kukusumbua. Sisi huku hatujambo. Baba Rukaya anakuamkia kwa heshima zote, anasema hajasahau ule mlango wa ghala, atakuja kuutengeneza akipata nafasi. Mahindi yetu ya kule bondeni yameota vizuri ila kima wameshaanza kuyatembelea. Dada yule wa jirani, uliyemsuka nywele siku ile, amejifungua mtoto wa kiume.

Barua hii nimempa Simeo mkononi nikamwomba aiweke mfukoni mwa shati. Ile ya mwezi uliopita aliiweka chini ya kiti cha gari lake la abiria, ile Noah, ikafika kwako imelowa maji ya samaki. Alicheka, lakini ameahidi.

Mama, vipi Rukaya? Jumapili nilipiga simu ya jirani yako Naomi nikaomba niongee naye. Akasema, "Mama shikamoo, ndama wa mama Naomi amezaa," nikamwambia ndama hazai, anazaliwa, na kabla sijamaliza alikuwa ameshakimbia. Naomi akaniambia amekwenda kumwona huyo ndama. Nilibaki nimeshika simu sikioni. Ningeweza kukuuliza wewe hapo hapo kama ungekuwa unasikia, nami nisingekuwa na sababu ya kuandika kwa urefu hivi. Lakini tangu ugonjwa ule ukuondolee masikio nimezoea, hata naona yapo mambo ambayo kwa simu nisingeyasema.

Niambie kama anakohoa. Niambie kama kifua kinapiga ile filimbi. Dawa ya kuvuta kwa mdomo, ile chupa ya bluu, iweke mahali pakavu, na akianza tu kubanwa mpe kama alivyotuonyesha daktari. Yule daktari alisema neno moja ambalo bado linanirudia: mtoto huyu mtoeni kwenye vumbi na moshi, halafu ndipo mzungumze habari ya dawa.

Unakumbuka ulipokuja kwenye arusi yangu barabara ya mbele ya nyumba ilivyokuwa. Watu walikaa barazani wakachambua mchele. Ilipokuja ile huduma ya kuita bajaji kwa simu, wanaokwenda njia moja wakapanda pamoja, sote tuliifurahia. Baba Rukaya na bajaji yake alikuwa wa kwanza kujiandikisha. Aliniambia, badala ya bajaji tatu kubeba watu watatu, moja itawabeba wote, na moshi utapungua. Miezi ya mwanzo ilikuwa kweli. Kisha nauli ikashuka mno, na waliokuwa wakitembea wakaanza kupanda. Mtu anatoka sokoni hadi hapa kwetu, mwendo wa kumaliza kula ndizi moja, anaita bajaji. Vijana wakaja kutoka kila kijiji. Na simu inampa abiria dereva aliye karibu naye, kwa hiyo hakuna anayeegesha. Wote wanazunguka, watupu, kutwa, kwenye barabara ya udongo, mbele ya dirisha la mwanangu.

Lakini sikukuandikia ili nilalamike. Mwambie nampenda. Godoro lake nimelianika jana, sijui kwa nini, halina unyevu wowote.

Mwanao,
Husna

—

Misima, Handeni
3 Machi 2024

Mwanangu Husna,

Marahaba. Barua imefika kavu, mpe Simeo asante zangu. Mguu unaendelea. Mwezi wa Ramadhani unaingia, uji wa mtama upo wa kutosha, na jirani yetu Naomi amesema maziwa ya kufuturia hatutanunua kwa mtu mwingine ilhali ng'ombe wake wapo. Yeye ni Mkristo na mumewe anafuata mila za kwao, lakini anakumbuka siku zetu kuliko baadhi ya Waislamu wa hapa. Mbuzi mweusi amezaa mapacha. Baba yako mdogo amepaua nyumba yake kwa bati, sasa anatembea kidogo kama mtu mwingine.

Rukaya hajambo. Anakula. Ugali wa muhogo alioukataa alipofika sasa anaumaliza na kulamba bakuli. Asubuhi namfunga kanga begani anakwenda shule ya awali pamoja na watoto wa Naomi, na kurudi wanarudi wakiwa weupe kwa kuchezea majivu, mimi naosha.

Kuna jambo nitakwambia ili uone alivyo na akili. Hakuna aliyemfundisha. Mtu akipiga hodi, yeye hunishika mkono na kuniongoza mlangoni. Chai ikichemka, hunivuta kanga. Juzi mvua ilianza kupiga juu ya bati nami nimeanika mbaazi nje sina habari, akaja mbio akachezesha vidole vyake mbele ya uso wangu kutoka juu kwenda chini, nikaelewa. Tangu masikio yafe nilikuwa naishi kama mtu aliyefungiwa ndani ya mtungi. Sasa kuna mtu ameninyanyulia kifuniko.

Akiimba namtazama mdomo. Zipo nyimbo nazijua kwa jinsi mdomo unavyokwenda, kwa sababu ni zile nilizokuimbia wewe.

Dawa nimeiweka kabatini. Usiwe na wasiwasi.

Funga ikiwa nzito kwako usijilazimishe, mwili wako naujua tangu utoto. Msalimu mkwe wangu, mwambie mlango wa ghala bado unamsubiri.

Mama yako,
Chausiku

—

Kilole, Korogwe
21 Aprili 2024

Mama yangu,

Shikamoo, na mkono wa Idd japo umechelewa. Nguo ya Rukaya niliyoituma kwa Simeo ilimtosha? Nimeikata kwa kukisia. Nilimpimia mtoto wa jirani anayelingana naye, halafu nikaongeza kidogo begani, kisha nikakaa nayo mapajani nikijiuliza kama ameongezeka kiasi hicho.

Huku tulisali uwanjani na mvua ikatunyeshea njia nzima. Baba Rukaya anaamka mapema sana siku hizi na kurudi amechoka, hata hadithi za abiria wake hanisimulii tena. Amekonda kidogo, ila ni mzima.

Mama, nilikuuliza habari ya kukohoa, na ulinijibu habari ya ugali, mbuzi na mbaazi. Nilifurahi kuzisoma. Lakini niambie, anakohoa?

Nauliza kwa sababu barabara yetu sasa imetulia sana. Mvua imelaza vumbi, na vijana nao wamepungua, wengine wamehamia upande wa stendi. Unaweza kukaa barazani. Nimeona afadhali tumchukue baada ya Idd ya kuchinja, aanze kuzoea kabla ya darasa la kwanza. Baba yake atakuja mwenyewe kumfuata.

Nyumba hii haina kelele ya mtu, ina kelele za nje tu. Jana nilipika chakula cha watu watatu.

Mwanao,
Husna

—

Misima, Handeni
26 Mei 2024

Mwanangu Husna,

Marahaba. Usinidhanie vibaya kwa kuchelewa. Simeo gari lake lilikatika ekseli, na kwa mvua ile hakuna mwingine niliyemwamini. Nguo ilimtosha mwilini, mikono ilikuwa mifupi kidogo, nikaongeza kitambaa.

Mahindi ya mwaka huu ni mazuri hata aibu. Nguruwe pori wameingia upande wa mlimani lakini mume wa Naomi alilala huko na mbwa wake, tumeokoa mengi.

Umeniuliza kukohoa. Anakohoa kidogo kidogo, alfajiri hasa, kwa baridi hii. Si vibaya sana lakini mimi nisingemwondoa sasa. Kifua cha mtoto kinataka muda. Na mwalimu wake hapa ni mpole, ameanza kumfundisha kuandika jina, ukimtoa katikati atachanganyikiwa. Kama ni mimi ningesema asubiri mwakani, shule ikianza, ndipo tuone.

Nimefurahi kusikia barabara imetulia.

Ninawaombea. Msisahau kula mboga.

Mama yako,
Chausiku

—

Kilole, Korogwe
7 Julai 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Barua hii inakuja na Rukaya mwenyewe, na baba yake ndiye anayewaleta wote wawili, yaani yeye na barua. Tafadhali mpe kwanza maji ya kuoga na umlaze, kisha ndipo usome.

Ulisema asubiri, nami bado nilimtuma baba yake amfuate, na aliporudi na mtoto baada ya Idd alinisimulia yote. Alisema alifika akamkuta juu ya mti wa mfenesi, mtoto akashuka kama kima, akamkimbilia kutoka uzioni hadi barabarani bila kupumzika, akamrukia. Usiku huo alisikiliza kifua chake akiwa amelala. Kimya. Asubuhi akamwuliza, "Bibi anakupa dawa wakati gani?" Rukaya akasema hakumbuki. Ile chupa ya bluu, mama, baba yake aliikuta bado ndani ya boksi lake, haijafunguliwa.

Sikuandikii ili nikulaumu. Subiri nimalize.

Alipofika hapa nilimshika nikamnusa, ananuka moshi wa kuni na maziwa. Amekuwa mrefu. Siku za kwanza nilikuwa siendi hata dukani. Ana tabia moja imenishangaza, mtu akipiga hodi anakuja kunishika mkono na kunipeleka mlangoni, kana kwamba sisikii. Nilimwacha tu aniongoze.

Ilikuwa siku ya soko, mchana. Alikuwa barazani anapanga vifuniko vya soda. Barabarani zilipita bajaji, zinapita tena, zile zile, na dereva amenyoosha shingo kutazama simu. Juu yao limetanda lile vumbi jekundu ambalo halipati nafasi ya kutua. Mimi nilikuwa naosha vyombo. Nilipoinua macho nilimwona amekaa chini ameegemea ukuta, mabega yanapanda na kushuka, na ananitazama. Hakulia. Mtoto akibanwa hivyo hana pumzi ya kulilia. Nilimpa dawa, nikampa tena. Midomo ikabadilika rangi.

Nilimbeba nikatoka naye barabarani. Baba yake alikuwa amekwenda upande wa pili wa mji. Dereva mmoja anaitwa Jacob alikuwa na abiria wawili, aliwashusha papo hapo bila hata kuwaeleza, akasema, "Panda, shemeji." Alikimbia kama mwehu. Na mbele yetu, mama, njia nzima ilikuwa bajaji za wenzake, zote tupu, nasi tukiyavuta mavumbi yao na moshi wao hadi langoni mwa hospitali. Nilikuwa nimemfunika Rukaya uso kwa kanga, naogopa kumfunika asipate hewa, na naogopa kumfunua.

Walimwekea hewa ya mashine. Alikaa siku kadhaa. Sasa anapumua vizuri. Daktari ni yule yule. Alinitazama tu, hakurudia neno lake, na hilo lilinichoma kuliko kama angelirudia.

Barabara haijatulia, mama. Haikuwa imetulia nilipokuandikia. Mvua ilipokatika tu vumbi lilirudi, na bajaji zimezidi. Miarobaini ile iliyopandwa na wazee pembeni mwa njia imekatwa ili kupata maegesho, na hayo maegesho hayana anayeegesha. Oili chafu wanaimwaga mtaroni, inateremka hadi kwenye bustani za mchicha kule chini. Yote hayo niliyajua. Nilitaka mwanangu.

Mweke. Sitauliza lini.

Mwanao,
Husna

—

Misima, Handeni
14 Julai 2024

Mwanangu Husna,

Marahaba, marahaba tena.

Amefika salama. Ameoga, amekula uji, amelala tangu adhuhuri hadi jioni. Nilikaa karibu yake nimeweka kiganja juu ya mgongo wake, ndivyo ninavyosikiliza mimi. Kilikuwa kinapanda na kushuka vizuri.

Mkwe wangu alitengeneza mlango wa ghala. Hakuongea sana, na hata angeongea nisingemsikia. Nilimwona amesimama peke yake nyuma ya nyumba anafuta uso kwa kofia yake. Alipotaka kuondoka alinipigia magoti kama anavyofanya siku zote, lakini safari hii alikawia kuinuka. Nilimwekea mkono begani. Sijui kama mila inaniruhusu, nilimwekea.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Hukuniuliza kwa nini nilikuandikia anakohoa alfajiri. Ahsante kwa kutoniuliza. Nami sitasema neno juu ya barabara yako iliyotulia.

Ndama amekua, Rukaya amemkuta hamjui tena, amenuna.

Mama yako,
Chausiku

—

Kilole, Korogwe
13 Oktoba 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Najua nimekaa kimya muda mrefu. Simeo amekuwa akiniletea salamu zako za mdomo na yale mahindi ya kuchoma, nami namrudishia salamu na sukari, lakini kila nilipoanza kuandika nilikuta nina jambo moja tu la kusema, nalo umelijua. Sasa yapo mengine.

Tuko wazima. Shangazi yake mume wangu Faraji amefariki kule Lutindi, tulikwenda kumzika. Kule juu kuna ukungu na hewa ya baridi inayoingia hadi tumboni. Nilisimama makaburini nikavuta pumzi, nikamfikiria Rukaya, nikaona haya kwa sababu ilikuwa mazishi ya watu.

Tulipokuwa njiani kushuka, Faraji aliniambia jambo. Alisema tangu siku ile hawezi kusikia simu yake ikilia bila kuona midomo ya mtoto. Alisema, "Kupanda pamoja hakujamdhuru mtu. Tunaodhuru ni sisi tunaozunguka watupu." Akasema yeye mwenyewe, akihesabu safari zake za siku, nyingi anaendesha viti vitupu. Nilimwuliza sasa atafanya nini.

Kesho yake alikwenda kuegesha kwenye kile kiwanja kilicho nyuma ya mashine ya kusaga, mbali na nyumba. Akazima injini. Akakaa. Simu haikumpa mtu asubuhi nzima kwa sababu wenzake walikuwa karibu zaidi na soko. Jacob, yule yule aliyetukimbiza hospitali, alipita akamwona akasimama.

"Ukizima wewe, simu inanipa mimi," akamwambia.

"Chukua," Faraji akasema.

Jacob alikwenda. Mchana alirudi, akaegesha nyuma yake, akazima. Baba Rukaya anasema walikaa pale wawili kama watu waliofiwa.

Nilipoyasikia hayo niliwaendea akina mama wa mtaa mmoja mmoja. Kumbe sikuwa peke yangu. Huyu mwanawe anakohoa, huyu mama mkwe wake haonekani nje tangu mwezi wa sita, huyu mchicha wake unanuka mafuta hauuziki. Tulikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa akaitisha kikao. Madereva walikuja wengi, wamekasirika. Kijana wa kampuni ya hiyo huduma ya simu, anaitwa Denis, alikuja pia na shati safi, akaeleza kwamba huduma yao inapunguza magari barabarani, ana takwimu za miji mikubwa. Kwa adabu kabisa. Mimi sikuwa nimepanga kusema. Nilisimama, nikasema, "Twendeni sasa hivi barazani kwangu, tukae wote mpaka alasiri, halafu mtaniambia zimepungua kiasi gani." Nikakaa chini.

Hakuna aliyeondoka kwenda barazani. Lakini dereva mmoja mtu mzima akasema ni kweli, hata yeye usiku anatema udongo. Ndipo yakaanza mazungumzo ya watu. Wamekubaliana hivi: bajaji zote za upande huu zinakaa kiwanjani kwa zamu, injini imezimwa. Abiria wakitimia watatu wa njia moja, ya mbele inaondoka. Anayetaka kuita kwa simu aite, lakini anayekwenda ni mwenye zamu. Oili inamwagwa kwenye pipa, fundi mmoja ataichukua. Denis alisema kampuni haitakubali, simu haijui zamu. Wakamwambia basi simu ikae, zamu waliijua kabla ya simu. Baadhi ya madereva walikataa wakahamia mitaa mingine, na huko sijui wanamzungukia mtoto wa nani. Hilo linanikera, mama, sitakuficha. Wengi wamebaki.

Kipato cha baba Rukaya kilipungua mwanzoni, kisha petroli anayonunua ikapungua pia, naona kama inakwenda kufanana. Nimeanza kufuma vikapu niongezee.

Vumbi bado lipo. Barabara ni ya udongo na magari mengine yanapita. Lakini jana nilifuta meza asubuhi, na jioni nikapitisha kidole, nikakitazama kidole changu muda mrefu.

Sikuombi umlete. Nakwambia lilivyo, na safari hii ndivyo lilivyo.

Mwanao,
Husna

—

Misima, Handeni
1 Desemba 2024

Mwanangu Husna,

Marahaba. Poleni kwa msiba wa Lutindi. Yule shangazi alinipa kanga siku ya arusi yenu, ninayo.

Nilikaa na barua yako. Kisha nilimpa Simeo kazi. Nilimwandikia kwenye karatasi: kila ukifika Korogwe pita Kilole, simama mbele ya nyumba ya Husna mchana, utazame, uniambie. Usimwambie yeye. Amepita mara kadhaa. Amenijibu kwa kuandika pia, mwandiko wake mbaya lakini nimeusoma: "Bibi, watoto wanacheza barabarani."

Usikasirike kwamba nilimtuma mtu. Ningetazama mwenyewe, lakini tangu niache kusikia gari naogopa mjini.

Rukaya anasoma neno zima sasa. Kifua chake ni kizima, sikumbuki alipokohoa mara ya mwisho, na ninakuandikia hivyo kwa kalamu hii hii.

Mje kumchukua kabla shule haijafunguliwa. Njoo wewe, si baba yake peke yake. Nataka umpokee kutoka mkononi mwangu.

Mama yako,
Chausiku

—

Kilole, Korogwe
19 Januari 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Tulifika salama, na embe hazikupondeka ila mbili.

Rukaya ameanza darasa la kwanza. Anakwenda kwa miguu na wenzake, watoto wa mtaa mzima, mkubwa mmoja mbele na mkubwa mmoja nyuma. Siku za kwanza nilikuwa nawafuata kwa mbali nimebeba ile dawa ndani ya kanga. Alijua. Aligeuka akaniambia nirudi nyumbani. Mara moja amebanwa kidogo, siku walipoteketeza takataka jirani, tukampa dawa akatulia. Daktari anasema tutaishi naye hivyo, kwa macho mawili wazi, na si kila mwezi utakuwa mwepesi.

Jioni anakutaja. Hasemi amekukumbuka, anauliza tu maswali: nani anamfungia bibi mbuzi, nani anamwambia bibi mvua inanyesha. Namjibu Naomi yupo. Ananitazama kwa namna ya kutoniamini.

Mama, siku ile ulipomleta hadi kwenye gari ulimkabidhi, ukageuka, ukaingia ndani kabla hatujaondoka. Nilikuita. Kisha nikakumbuka.

Niandikie u hali gani. Usiniandikie mbuzi.

Mwanao,
Husna

—

Misima, Handeni
9 Februari 2025

Mwanangu Husna,

Marahaba.

Umesema nisikuandikie mbuzi, basi sina salamu za kutangulizia, nitaanza hapo hapo.

Niliingia ndani siku ile kwa sababu mikono yangu ilikuwa inataka kumrudisha. Nilikaa juu ya kitanda mpaka nikaona kivuli cha gari hakipo tena kwenye ukuta. Jioni nikapika, nikala. Kesho yake nilikwenda shambani. Naomi anakuja asubuhi na jioni, ananigusa bega, ananiambia kwa ishara mambo ambayo nimeshayaona. Ni mwema mno. Siku ya tatu nilikwenda shuleni kumrudishia mwalimu kitabu cha Rukaya. Akaniuliza kwa midomo yuko wapi, nikamwonyesha barabara ya Korogwe. Akanishika mikono yote miwili, nikashindwa kuondoka pale.

Nimewaza kwa nini nilidanganya habari ya kukohoa. Nilijiambia ni kwa ajili ya kifua chake, kisha nikajiambia ni kwa ajili ya masikio yangu. Yote ni kweli, lakini hayatoshi. Huyu mtoto analala kwa ubavu mmoja na mkono chini ya shavu. Anakasirika akiwa na njaa, hasemi ana njaa. Akicheka anaweka kiganja mdomoni. Ndivyo ulivyokuwa wewe ulipokuwa mdogo. Husna, ulipoolewa nilikuaga kwa maneno ya kukuusia, kupika, kuvumilia, kuwaheshimu wakwe. Wote walisema mama yake ni mwanamke imara. Nikarudi nyumbani nikaanza kukuandikia habari za mahindi, na miaka yote hii nimekuandikia mahindi. Kisha ukaniletea mtoto wa umri ule, mwenye mkono chini ya shavu.

Nimemwambia Simeo aniwekee kiti cha mbele wiki ya Idd. Ameniuliza kama siogopi mji. Naogopa. Mkwe wangu anisubiri pale gari linaposimama, anishike mkono tukivuka, sitaona haya.

Nimekukumbuka, mwanangu. Nilikuwa nakukumbuka wewe.

Mama yako,
Chausiku